Kadi 60 Kutoka Mchoro Mmoja: Somo la Kikundi kwa Familia Zilizohama na Wenyeji Wao

Katika semina nyingi za amani, watu hupewa karatasi kubwa na rangi, wakaombwa wachore pamoja. Hawachori nyumba wala mtu. Kila mmoja anaweka rangi, mistari na madoa kama moyo unavyomwongoza, mpaka karatasi inajaa. Picha ya namna hiyo, isiyoonyesha kitu chenye jina, huitwa mchoro dhahania. Semina ikiisha, picha inatundikwa ukutani. Baada ya miezi michache imefifia, imeloa maji ya mvua, au imekunjwa na kuwekwa nyuma ya kabati.

Somo hili linaonyesha jinsi ya kuchukua mchoro wa namna hiyo, kuukata na kuufanya kadi za salamu. Kazi yenyewe ni rahisi, na vifaa vyake ni vichache. Lakini tunawaambia viongozi mapema: sehemu ngumu si mkasi. Sehemu ngumu ni kukubaliana kabla ya kukata, na kugawana baada ya kuuza. Kikundi kikipita vizuri hapo, kimejifunza kitu kitakachosaidia hata kwenye mambo makubwa kama shamba na maji. Kikishindwa, kadi nzuri zinaweza kuleta ugomvi mpya.

Malengo ya somo

Mwisho wa somo hili washiriki wataweza:
- kutengeneza kadi za salamu kutoka mchoro wa zamani;
- kufanya makubaliano ya kikundi juu ya mali waliyoitengeneza pamoja;
- kuandika salamu isiyoumiza wala kuhatarisha mtu;
- kugawana mapato mbele ya wote.

Kikundi kizuri ni watu 10: 5 kati ya wakimbizi wa ndani na 5 kati ya wenyeji waliowapokea. Wake kwa waume, wazee kwa vijana. Panga vikao 3 vya saa 2 hivi kila kimoja.

1. Kwa nini mchoro usio na sura?

Ukichora nyumba, mtu atauliza ni nyumba ya nani. Ukichora mlima, mwingine atasema, "Huo ni mlima wetu, wametunyang'anya." Hayo ni mazungumzo ya lazima, lakini yana wakati wake. Doa jekundu au mstari wa bluu hauna kabila wala mwenye shamba. Kwa hiyo watu ambao bado wanaogopana wanaweza kuchora bega kwa bega. Tena mama ambaye hakupata nafasi ya kusoma anakuwa sawa na mwanafunzi, kwa sababu hakuna anayeulizwa kama picha yake inafanana na kitu fulani.

Wengine watasema huu ni mchezo wa wageni. Sivyo. Katika msitu wa Ituri, Wambuti wana desturi ya kutengeneza nguo za magome ya miti: wanaume wanapondaponda gome mpaka linalainika, na wanawake wanachora juu yake mistari na alama kwa rangi nyeusi ya maji ya matunda ya msituni yaliyochanganywa na makaa. Huko Kasai, Wakuba wanajulikana duniani kote kwa vitambaa vya rafia vyenye mapambo ya pembe na mistari. Wanaume wanafuma na wanawake wanadarizi. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alikusanya vitambaa hivyo na kuvitundika ukutani mwake. Kwa hiyo sanaa ya mistari na rangi ni mali yetu ya tangu zamani.

2. Kukata si kuharibu

Watu wengi wataona uchungu kuikata picha. Waache waseme. Kwa mtu aliyekimbia na kuacha kila kitu, kuona kitu alichokitengeneza kinakatwa si jambo dogo. Mtu mmoja akisema, "Vitu vyangu vimeshakatwakatwa vya kutosha," usimcheke wala usimbishie. Msikilizeni kwanza.

Kisha eleza mifano miwili. Mchoraji Mmarekani Lee Krasner, katika miaka ya 1950, hakuridhika na michoro yake ya zamani. Akaichana na kuikata, akavibandika vipande kwa mpango mpya, na mwaka 1955 akavionyesha mjini New York. Kazi hizo zinahesabiwa kati ya kazi zake nzuri.

Mfano wa pili unahusu kadi yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, UNICEF ilisaidia watoto wa Ulaya waliokuwa wameathiriwa na vita. Msichana wa miaka 7 huko Chekoslovakia, Jitka Samkova, alichora picha ya watoto wakicheza ili kutoa shukrani. Karatasi hakuwa nayo. Alichora juu ya kioo. Mwaka 1949 picha hiyo ikawa kadi ya kwanza ya UNICEF, na tangu hapo kadi zikasaidia kuchangia watoto wa nchi nyingi. Angalieni vizuri: kadi hiyo haikutoka kwa tajiri. Ilitoka kwa mtoto aliyekuwa akipokea msaada. Aliyepewa naye alikuwa na kitu cha kutoa.

3. Kabla ya mkasi: makubaliano

Kikao cha kwanza chote ni cha makubaliano. Mkasi ubaki ndani ya boksi. Kaeni kwa duara, picha ikiwa katikati, mjibu maswali haya manne.

Picha hii ni ya nani? Kama ilichorwa na watu 10, wote 10 wana sauti. Kiongozi wa kambi, chifu wa mtaa au mfanyakazi wa shirika hana ruhusa ya kuamua peke yake, hata kama karatasi na rangi zilinunuliwa na shirika.

Nani hayupo? Mara nyingi waliochora wametawanyika. Mwezi wa 2 mwaka 2025 kambi zilizokuwa kandokando ya Goma zilivunjwa, na watu waliokuwa wamezoeana wakaenda kila mmoja upande wake. Jaribuni kuwatafuta wasiokuwepo kwa simu au kwa jamaa zao. Mkiwapata na wakikubali, vizuri. Msipowapata, sehemu waliyoichora iachwe nzima na itunzwe. Msiseme, "Ameondoka, hatajua." Wale waliobaki wanaona jinsi mnavyomtendea asiyekuwepo, na wanajua kesho watakuwa wao.

Je, kuna anayekataa? Kama mtu mmoja anataka kipande chake kibaki, akatiwe kipande hicho apewe. Picha ni kubwa. Hasara ni ndogo. Lakini mkimlazimisha, mmeshafundisha kwamba wengi wanaweza kumnyang'anya mmoja.

Kadi zitakwenda wapi, na pesa zitagawanywaje? Jibu liandikwe kwenye daftari kabla ya kuuza kadi hata moja. Baada ya pesa kuonekana, kila mtu anakumbuka ahadi kwa namna yake.

Jambo moja juu ya watoto. Mtoto akichora bunduki, moto au watu waliolala chini, picha hiyo si ya kukata wala ya kuuza. Itunzwe, na mtoto azungumze na mtu anayemwamini au msaidizi wa mambo ya kisaikolojia. Michoro mingine ya mtoto itumike tu kama yeye na mzazi wake wamekubali.

4. Vifaa

- Mchoro mmoja wa sentimita 60 kwa 80, uliokauka kabisa
- Karatasi ngumu 30 za ukubwa wa A4 (bristol)
- Rula ya chuma, kalamu ya risasi, mkasi, na wembe au kisu cha kukatia karatasi
- Gundi
- Karatasi za kutengenezea bahasha
- Mawe bapa au vitabu vizito vya kugandamiza

Kama gundi ya dukani ni ghali, tengenezeni ya muhogo. Chukua vijiko vikubwa 2 vya unga laini wa muhogo, ukoroge katika maji baridi kidogo mpaka usiwe na madonge. Mimina katika kikombe kimoja cha maji yanayochemka, huku ukikoroga, mpaka inakuwa nzito na kung'aa. Ikipoa, ipake nyembamba. Tengeneza ya kutosha siku moja au mbili tu, kwa sababu inachacha na kuvuta wadudu.

Angalizo: rangi za zamani za kupaka nyumba au vyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Mchoro uliopakwa rangi ya namna hiyo msiukwangue wala kuusugua, na msiutumie na watoto. Wembe na visu vishikwe na watu wazima peke yao.

5. Hatua za kazi

Hatua ya 1: Jaribio. Kunja pembe moja ya mchoro taratibu. Rangi ikipasuka na kuanguka, paka gundi nyembamba iliyoongezwa maji juu ya mchoro wote, uache ukauke. Kama mchoro uko juu ya kitambaa, paka gundi hiyo upande wa nyuma pia ili nyuzi zisichomoke mkikata.

Hatua ya 2: Picha ya kumbukumbu. Pigeni mchoro wote picha kwa simu. Kila mshiriki aione, na anayetaka atumiwe.

Hatua ya 3: Dirisha. Katika kipande cha boksi, kata tundu la sentimita 8 kwa 10. Hili ni dirisha lenu. Mshiriki analisogeza polepole juu ya mchoro, anatafuta sehemu inayompendeza. Kanuni ni moja tu: atafute katika sehemu ambayo hakuichora yeye. Akipata, anaonyesha wenzake na kusema kwa nini inampendeza. Hatua hii msiiharakishe. Mtu atasikia jirani ambaye hajawahi kumsifu akisema, "Hapa mama ameweka njano juu ya kijani kama jua linatoka baada ya mvua." Kwa vikundi vingine, hilo ndilo neno zuri la kwanza kusemwa kati ya pande mbili.

Hatua ya 4: Mistari. Geuza mchoro. Upande wa nyuma, gawa urefu wa sentimita 80 mara 10, na upana wa sentimita 60 mara 6. Mtapata vipande 60 vya sentimita 8 kwa 10. Kila kimoja kiandikwe namba, 1 mpaka 60.

Hatua ya 5: Kukata. Bonyeza rula kwa nguvu, pitisha wembe mara mbili au tatu bila kukandamiza sana. Mmoja ashike rula, mwingine akate. Inafaa wawili hao watoke pande mbili.

Hatua ya 6: Kadi. Kata kila A4 katikati, upate vipande 2. Kunja kila kimoja katikati. Sasa una kadi yenye upana wa sentimita 10.5 na urefu wa 14.8. A4 30 zinatoa kadi 60.

Hatua ya 7: Kubandika. Paka gundi nyuma ya kipande cha mchoro mpaka kwenye kingo. Kiweke sentimita 1.5 kutoka juu, pembeni sawasawa. Chini itabaki nafasi nyeupe ya kuandika neno kama "Asante", "Hongera", "Pole" au "Heri ya Mwaka Mpya". Gandamiza kwa mawe usiku mzima ili kadi isijikunje.

Hatua ya 8: Nyuma ya kadi. Andika jina la kikundi na namba: "Kipande cha 17 kati ya 60". Atakayeipokea atajua kwamba kadi yake ni sehemu ya kitu kikubwa, na kwamba vipande vingine viko mikononi mwa watu wengine.

Kipande kisichopendeza msikitupe. Kikateni kwa vijiti vyembamba, mvibandike pamoja na vijiti vya kipande kingine. Mara nyingi kadi hizo ndizo zinanunuliwa kwanza.

6. Maneno ya ndani

Kadi 10 kati ya 60 hazitauzwa. Kila mshiriki atapewa moja amtumie mtu: jirani aliyempokea, ndugu aliyebaki kijijini, mwalimu wa watoto, au mtu ambaye hawajasalimiana tangu vita. Asilazimishwe kuchagua wa mwisho huyo. Msamaha ulioamriwa na kiongozi hauna mizizi.

Kwa nchi yetu, kadi nyingi zitakwenda kwa mkono: kwa dereva, kwa mfanyabiashara, kwa mtu anayerudi kijijini. Zinaweza kufunguliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Msalaba Mwekundu, unaposaidia familia zilizotengana kuandikiana, una kanuni nzuri: ujumbe unakwenda wazi, na una habari za familia tu. Fuateni mfano huo. Bahasha msizifunge kwa gundi, na msiandike:
- mahali jeshi au kundi lenye silaha lilipo, wala nani kapita wapi;
- mahali mtu aliyejificha anapoishi;
- jina la kabila, chama au kundi kwa kusifu au kulaumu;
- maneno ya "ninyi" na "sisi" yenye lawama.

Angalieni hata rangi. Kama vipande vya kadi moja vimekaa kama bendera ya chama au ya kundi fulani, vibadilisheni.

Salamu nzuri ni fupi na ina jambo moja la kweli. Kwa mfano: "Yaya, mtoto amezaliwa, tunamshukuru Mungu. Siku ile ulitupatia maji, sijasahau." Au: "Papa na mama, pokeeni salamu zetu za tarehe 1 Agosti. Hatuwezi kufika makaburini mwaka huu. Tunaomba mtusaidie kufagia." Asiyejua kuandika aseme maneno yake, mwingine aandike, kisha amsomee mbele ya mtu wa tatu ili kuhakikisha hakuna kilichoongezwa.

7. Pesa

Semeni ukweli tangu mwanzo: kadi hazitalisha familia. Ni pesa kidogo, za misimu: Noeli na Mwaka Mpya, Idi, tarehe 8 Machi, harusi, ubatizo, wanafunzi wanapopata diploma. Kiongozi anayeahidi zaidi anajitafutia lawama.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kadi 60 zimetengenezwa. Kadi 10 ni zawadi za washiriki, 5 zimeharibika, 45 zimeuzwa kwa franga 1,000 kila moja.

- Mapato: 45 x 1,000 = franga 45,000
- Karatasi ngumu: 30 x 300 = franga 9,000
- Gundi, wembe na bahasha: franga 6,000
- Baki: 45,000 - 15,000 = franga 30,000
- Akiba ya vifaa vya mara nyingine: franga 10,000
- Ya kugawana: 20,000 kwa watu 10 = franga 2,000 kila mmoja

Bei za kwenu zitakuwa tofauti, lakini namna ya kuhesabu ni hiyo hiyo. Hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote, na karatasi za manunuzi zionyeshwe. Boksi la akiba liwe na kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mkimbizi, mwingine kwa mwenyeji. Usiseme watu hawatagombana kwa sababu ya franga 2,000. Mtu hagombani kwa ajili ya kiasi tu. Anagombana anapoona kwamba amefanywa mjinga.

Kama kadi zinauzwa kwa wageni au nchi za nje, jihadharini na jambo lingine. Msiuze kadi kwa kuandika nyuma yake msiba wa mtu, wala kwa kubandika picha ya uso wake. Anayenunua anunue kwa kuwa kadi ni nzuri. Mama aliyekimbia mara tatu ana haki ya kujulikana pia kama mama anayejua kupanga rangi.

8. Neno kwa viongozi

Kiongozi, kazi yako katika somo hili ni kulinda utaratibu. Angalia nani anashika mkasi kila mara na nani anafagia tu. Angalia kama vijana wanawakatiza wazee, au kama wanaume wanasema na wanawake wanabandika. Badilisha zamu. Ukiona watu wa upande mmoja wamekaa peke yao, usiwakemee. Wape kazi inayohitaji mikono ya pande zote, kama ile ya rula na wembe. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na kama kikundi kimeshindwa kukubaliana katika kikao cha kwanza, msikate. Rudisheni picha ukutani, mpange siku nyingine. Picha iliyobaki nzima kwa sababu mtu mmoja alisikilizwa ina faida kuliko kadi 60 zilizokatwa kwa nguvu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa au kambi yetu, ni vitu gani tunavyotumia pamoja bila kuwa tumekubaliana ni vya nani?
2. Mtu akiondoka, tunafanya nini na sehemu yake? Je, tungependa tufanyiwe hivyo hivyo?
3. Uliposikia mwenzako akisifu sehemu uliyoichora, uliona nini moyoni?
4. Ni neno gani ambalo sisi tunaliona la kawaida, lakini wenzetu linawaumiza?
5. Kama una kadi moja tu, utamtumia nani? Kwa nini huyo?

Kazi ya kufanya kabla ya kikao kijacho

Kila mshiriki apeleke kadi yake mwenyewe au aitume kwa mtu anayemwamini. Kwenye kikao kijacho aeleze mambo mawili tu: ilifika au haikufika, na aliyeipokea alisema nini. Kama hakusema kitu, na hilo pia lielezwe. Kisha kikundi kiamue kama kitaanza mchoro mpya, na safari hii kiwaalike watu wawili ambao hawakuwepo mara ya kwanza.